Risasi Ilivyowapenda Waislamu wa Ateliye

Kwa miaka mingi ya kazi yangu nilisadiki kabisa, bila chembe ya wasiwasi, kwamba risasi ni Mwislamu. Sisemi ile ya bunduki peke yake. Nasema risasi yenyewe, madini yale ya kijivu, laini ukiyakwaruza kwa ukucha, mazito kama mgeni asiyejua kuaga. Nilisadiki kwamba ilikuja kwetu Kasongo pamoja na Wangwana, wale Waislamu waliotoka pwani, ndani ya magobori yao ya zamani, ikakaa nao, ikasikia adhana kila siku, na mwisho ikasilimu. Ndiyo maana Mwislamu akiyeyusha risasi, inamwachia aende zake. Mkristo akiyeyusha, inamkamata tumbo na kulikamua kama nguo ya kufuliwa.

Msicheke bado. Katika ateliye yetu, ile karakana ya kampuni, mafundi Wakristo tuliumwa tumbo, na mafundi Waislamu hawakuumwa. Moto mmoja, chungu kimoja, moshi mmoja. Mtu angetaka ushahidi gani tena?

Mliniomba, wanangu wa ateliye, niwaandikie mambo ya kazi kabla sijaanza kuyasahau. Ya vyeo na mishahara sitaandika. Hayo yalikuwa madogo na yamekwisha. Nitaandika ya chungu, na ya fundi aliyenifundisha, na ya mkono wake, ambao ulikaribia kutuponyoka.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini nimevaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimeanza masomo ya jioni kwa Mabruda wa misheni, nimeshajua kuandika jina langu kwa herufi za kulala na kusema "bonjour" kwa kutumia pua, basi nikadhani ateliye ni namna ya ofisi yenye moshi kidogo. Mkubwa wetu alikuwa Mbelgiji mmoja mnene tuliyemwita Bwana Bereteli, kwa sababu ya mikanda miwili iliyoning'iniza suruali yake mabegani. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia uso wangu, akaangalia viatu tena, akacheka mpaka mkanda mmoja ukafyatuka. Alipokwisha kujifunga akanikabidhi kwa Kalonda.

Petro Kalonda alikuwa Mubangubangu wa Kabambare, mjukuu wa watu walioyeyusha chuma vilimani kabla Mzungu hajajua kama Kabambare iko duniani. Kifua chake kilikuwa kipana hata alipita mlangoni kwa ubavu. Mke wake, Mama Marta, anasema naongeza chumvi. Chumvi naongeza, lakini mlango ule nao ulikuwa mwembamba.

"Viatu vizuri," Kalonda akaniambia. "Kesho vitakuwa vyeusi. Kesho kutwa havitakuwako."

"Na mimi, fundi?"

"Weye utabaki vilevile, ila na akili kidogo."

Wakati ule Wazungu walikuwa wanapigana kwao vita yao ya pili, na meli zilizokuwa zikileta risasi mpya zilikuwa zinalala chini ya bahari. Huku kwetu migodi ya dhahabu ya upande wa Kabambare haikujali vita. Ilitaka kusineti, yaani vile vikombe vya risasi ngumu ambamo mihimili ya pampu inazunguka. Kusineti ikiisha, pampu inasimama. Pampu ikisimama, maji yanajaa shimoni, na dhahabu inakaa chini inawacheka watu. Basi kazi yetu ilikuwa kuokota kila risasi iliyochoka katika nchi, kuiyeyusha, kuisafisha na kuirudisha kazini. Kwa ufupi, hatukuruhusu risasi kustaafu. Mimi wameniruhusu.

Kwanza tulichukua batri zilizokufa za kamyo, yaani malori. Tulizipasua, tukamwaga asidi shimoni, tukatoa mabamba. Asidi ile ilikula suruali yangu ya kwanza, ikaacha vifungo tu. Kisha vile vipande vya risasi vinavyofunga magunia na masanduku ya safari. Kisha mabomba ya zamani ya misheni, ambayo padri aliyatoa kwa moyo mzito kama mabomba yenyewe. Nilitumwa mpaka Nyangwe kuomba vizito vya nyavu. Mvuvi mmoja akaniuliza, "Muzungu wenu anavua samaki gani kule ateliye?" Nikamwambia anavua pampu. Akafikiri sana, akauliza, "Iko na mifupa mingi?" Wala hakunipa hata kizito kimoja.

Lakini zilizonifurahisha kuliko zote ni risasi za kale. Wanawake wakilima upande wa Kasongo ya zamani, majembe yao yalifukua vigololi vya magobori, vya siku zile Wangwana na Wazungu wa kwanza walipokuwa wakigombania nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Walituletea katika vikapu, vimelala juu ya mihogo. Nina hakika kimojawapo ndicho kilichomkosa babu yangu, maana kilikuwa na sura ya aibu. Tulivitia vyote chunguni, vya walioshinda na vya walioshindwa, vikawa supu moja.

Kazi yenyewe ninyi leo mnaifanya kwa majiko ya mafuta na mnalalamika joto. Sisi chungu chetu kilikaa juu ya tanuri la matofali, na makaa yalikuwa ya mti mgumu. Kalonda alinifundisha kwamba kila kipande kikaushwe kwanza ukingoni mwa tanuri. Kikiingia na maji, chungu kinatema, na risasi iliyoyeyuka haiombi ruhusa inapotua; tazameni shavu langu la kushoto. Akanifundisha nisiamini macho, niamini kijiti. Chovya kijiti kikavu: kikitoka na rangi ya kahawa, mimina, kikitoka kinawaka, umeichoma, na Kalonda atakuambia maneno ambayo Mabruda hawafundishi. Tupa nta ya nyuki kidogo na unga wa mbao, koroga, uchafu utapanda kama povu la sombe, yaani kisamvu, uutoe kwa kijiko chenye matundu. Risasi ya batri ni ngumu, ya bomba ni laini. Kalonda alizichanganya kwa kusikiliza. Aligonga kipande juu ya jiwe, akatega sikio, akajua kinahitaji nini. Mimi nilisikia "ko" tu. Yeye alisikia hotuba.

Na kumimina kusineti ndiyo kilele cha kazi yote. Mhimili unaupaka masizi ya taa ili risasi isiung'ang'anie. Unaziba kila upenyo kwa udongo wa kichuguu. Unapasha kila kitu moto. Halafu unamimina mara moja, mfululizo, bila kusita. Ukisita hata kwa kupiga chafya, risasi ya nyuma haishikani na ya mbele. Unabaki ufa usioonekana, na siku tatu baadaye pampu inapasuka. Kwa hiyo mkono wa mmiminaji hauna ruhusa ya kutetemeka. Mkono wa Kalonda ulimimina kama mama anayegawia jirani mafuta: taratibu, na bila tone kupotea. Watu walikuwa wanaacha kazi zao kuja kuutazama.

Sasa niseme ya kibuyu.

Nyuma ya ateliye kulikuwa na michikichi ambayo Kalonda aliigema, akapata malafu, lile tembo jeupe la asubuhi. Kampuni ilikataza pombe kazini, tena kwa tangazo kubwa lililobandikwa mlangoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyewasomea wenzangu tangazo hilo, kwa sauti nzuri, huku kibuyu kikinisikiliza kutoka nyuma ya rundo la batri. Taabu yetu ilikuwa moja tu. Malafu, mnaijua tabia yake: asubuhi ni mchumba, mchana ni mke, jioni ni mama mkwe. Ya jana haikunyweka, ilikuwa siki.

Kibuyu kile kilikuwa na matako ya mviringo, kilipenda kuanguka. Siku moja Kalonda akamimina risasi iliyobaki ndani ya kifuu kidogo, ikatoka kama kimkate kidogo, akakitumbukiza kibuyuni ili kikae imara. Kesho yake tukaonja malafu iliyolala. Haikuwa siki! Ilikuwa tamu, tamu kuliko ya asubuhi, utamu unaokaa kwenye meno kama deni la asali. Tulitazamana kama watu waliogundua mto mpya. Kimkate kile tukakiita Zamu, kama askari anayelinda mlango, kwa kuwa kililinda malafu isiharibike. Habari za kibuyu cha Kalonda zilifika mpaka sokoni, na watu waliapa kwamba malafu yake haichachi kwa sababu babu zake wanailinda. Hakuna aliyeuliza Zamu anatoa wapi utamu. Mtu akikupa sukari, unauliza habari za muwa?

Muda haukupita sana, matumbo yakaanza. Si lile tumbo la kula maharage mabichi. Hili lilikuja kama mkono unaofunga fundo ndani, ukalegea, ukafunga tena. Choo kikagoma. Ladha ya chuma ikakaa mdomoni. Tukaenda kwa infirmiye wetu, Anselmi, kijana mwembamba aliyesomea dawa misheni, mwenye koti jeupe na maswali mengi.

"Munakula nini kazini?"

"Mihogo na ndizi, dokta."

"Na munakunywa nini?"

"Maji, dokta." Tulisema sote kwa pamoja, kama kwaya siku ya Pasaka.

"Maji tu?"

"Maji matupu kabisa."

Tungesemaje? Anselmi alikula mezani pamoja na karani wa Bwana Bereteli. Kumtajia kibuyu kulikuwa ni kukiaga kibuyu. Akatupa mafuta ya mbarika. Tuliyanywa, tukakimbia, tukarudi, na tumbo likawa linatungoja palepale tulipoliacha.

Ndipo tulipoanza kuwatazama Waislamu. Amisi, mchochea moto wetu, na wenzake wa upande wa makaa, walikuwa wazima kama ng'ombe wa misheni. Adhuhuri ikifika, walikwenda kwenye pipa la maji, wakanawa mikono, wakasukutua, wakaosha uso na miguu, wakaswali, ndipo wakala. Sisi tulikula kwanza, ndizi tulizochoma ukingoni mwa chungu cha risasi ili tusipoteze makaa, na mikono tukaipangusa kwenye suruali baada ya kula, tusije tukaonekana wachafu.

"Amisi," Kalonda akamuuliza siku moja, amejikunja kama ndoana, "ninyi munafanya dawa gani?"

Amisi alikuwa mtu wa mzaha. Angeweza kumtania hata mfu njiani kwenda kaburini. Akajinyoosha, akashika kiuno, akasema, "Risasi iko mutu wa kwetu, Papa Kalonda. Ilikuja na babu zetu, ndani ya bunduki. Inajua nani wa nyumbani na nani mugeni. Ninyi inawang'ata kwa sababu haijawazoea."

Akacheka, akarudi kwenye makaa yake. Sisi hatukucheka. Tulisimama tukitazama chungu, na mimi, msomi wa shule ya jioni, nikakumbuka vile vigololi vya Kasongo ya zamani. Yote yakaingia mahali pake kama ufunguo.

"Weye uko mutu wa shule," Kalonda akaniambia. "Fanya kitu."

Nikafanya. Nilichukua msumari, nikachora msalaba mzuri juu ya Zamu, nikasali Baba Yetu tangu mwanzo mpaka amina, nikamrudisha kibuyuni. Mtauliza kwa nini nilimbatiza Zamu peke yake na si chungu kizima. Niliwaza hivi: Zamu ndiye aliyekaa nasi, anatujua, akiongoka yeye, ataongea na wenzake. Zilipita wiki kadhaa tukiendelea kunywa kwa imani. Kisha nikamtoa kumwangalia.

Msalaba haukuwapo. Mahali pake palikuwa laini, peupe kidogo, kama ufizi wa mtoto.

Nilimwonyesha Kalonda. Alimgeuza Zamu huku na huku, akashusha pumzi. "Ameukataa," akasema.

Basi nikajaribu njia ya pili. Niliazima kofia ya Amisi. Mbele ya chungu nikawa Yusufu, mbele ya Bruda jioni nikabaki Yosefu, jina langu la ubatizo, na nilijiona mwerevu kuliko wote wawili. Amisi alinizunguka mara mbili akinikagua.

"Kofia iko sawa," akasema. "Kichwa iko sawa. Lakini huyu Mwislamu mupya, mbona mudomo wake unanuka malafu?"

Niliona ananitania tu. Tumbo likazidi. Nikamrudishia kofia yake na nikawaambia wenzangu kwamba risasi haidanganyiki, inapekua mpaka moyoni.

Mpaka hapo tulikuwa bado tunacheka katikati ya maumivu mawili. Kicheko kiliisha siku mkono wa Kalonda ulipoanza kuanguka. Haukumuuma. Ulilegea tu kwenye kifundo cha mkono, ukaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Akitaka kunyoosha vidole, vinakataa. Kijiko cha chai alikishika kwa kushoto. Mbele ya Bwana Bereteli aliuficha mkono mfukoni, akasimama kama mtu mwenye maringo, na Bwana Bereteli akadhani fundi wake ameanza kiburi. Tulijua wote mambo yatakavyokuwa. Fundi ambaye mkono umekufa anarudishwa kijijini. Na Kalonda hakuwa na kazi nyingine moyoni mwake. Kumwondolea mkono ule ni kumwondolea jina.

Basi ikaja habari kutoka migodini, upande wa Kabambare: kusineti ya pampu kubwa imeungua, maji yanapanda shimoni, aje Kalonda upesi. Bwana Bereteli akatupakia kwenye kamyo pamoja na chungu kidogo, makaa, mikate ya risasi na udongo wetu wa kichuguu. Njia ile mnaijua. Kila daraja tulishuka, tukalitazama, tukaliombea, tukalivuka. Kalonda alikuwa anausugua mkono wake kwa mafuta ya mawese kama mtu anayejaribu kumwamsha mtoto.

Kule shimoni watu walikuwa wamekaa kwenye kingo wakitungoja, na maji mekundu yalikuwa yanapanda bila haraka. Tulipaka masizi, tukaziba, tukapasha moto. Nikachovya kijiti, kikatoka rangi ya kahawa. Kalonda akashika mpini wa upawa kwa mikono miwili, akauinua. Nikaona kiganja cha kulia kinaanza kujikunja chini.

"Yosefu," akaninong'oneza bila kugeuza kichwa, "ingia chini ya mukono."

Nikapiga goti kando yake, nikautia mkono wangu chini ya mkono wake, nikaushikilia kama nguzo inayoshika paa. Nilisikia joto la risasi usoni na mapigo ya damu yake kwenye kiganja changu.

"Munacheza dansi?" Bwana Bereteli akauliza kwa Kiswahili chake cha mbao.

"Ndiyo, bwana," Kalonda akajibu. "Risasi ya leo iko nzito, inataka watu wawili."

Tukamimina. Yeye aliongoza, mimi nilibeba. Sikupumua tangu tone la kwanza mpaka la mwisho, na mtu akiniambia ilikuwa dakika moja nitabishana naye, ilikuwa Kwaresima nzima. Risasi ilitiririka kama uzi, haikukatika, ikajaa mpaka ukingoni ikang'aa. Ilipopoa tukafungua, Kalonda akaigonga kwa ukucha wa mkono wa kushoto, akasikiliza, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Jioni pampu ilizunguka na maji yakaanza kurudi chini, na watu wa mgodi walitupa kuku ambaye nguvu zake zilikuwa kubwa kuliko zetu.

Kwenye kamyo ya kurudi Kalonda aliulaza mkono magotini mpaka tulipoiona Kasongo. Kisha akasema, "Mukono wa kuazima haufanyi kazi ya pili. Kesho naenda kwa Mwalimu Salehe."

Mwalimu Salehe ndiye aliyefundisha dini msikitini, mzee mpole. Nilimsindikiza Kalonda, nikakaa mlangoni.

"Umesikia mwito wa Mungu?" Mwalimu akamuuliza.

"Nimesikia mwito wa tumbo, Mwalimu. Na wa mukono."

Mwalimu Salehe alimsogezea mkeka. "Watu wameletwa hapa na ndoto, na ndoa, na msiba," akasema. "Tumbo ni mara ya kwanza. Kaa. Utaanza na kunawa, na pombe utaiacha leo. Mengine Mungu akipenda yatafuata."

Nyumbani Mama Marta alimsikiliza mume wake mpaka mwisho, huku akichambua mboga. "Mimi nabaki na Maria wangu," akamwambia. "Weye nenda na risasi yako. Lakini ukirudi hapa na mke wa pili kwa jina la dawa, nitakumimina mimi." Padri naye alikuja, wakabishana barazani nusu siku, na mwisho wakabaki wanazungumza habari za mbuzi.

Kalonda hakufanya kama nilivyofanya mimi na kofia ya kuazima. Alijifunza kweli, akawa Abdalla, akanawa kila sala kama mtu anayesugua sufuria. Michikichi akamwachia shemeji yake wa kijijini, aliyeikata. Kibuyu alikivunja mwenyewe. Zamu alinipa mimi. "Muweke," akasema. "Huyu mutu wa dini, asitupwe."

Na mkono ukarudi! Polepole, kama mtu aliyekasirika anayerudi nyumbani kwa kupitia kwa majirani. Kwanza vidole vilishika tasbihi. Kisha vikashika nyundo ndogo. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Abdalla Kalonda alimimina kusineti peke yake, na Bwana Bereteli, ambaye hakuwahi kujua lolote, akasema kiburi kimemtoka.

Sasa angalieni jambo hili. Sisi wengine tuliobaki Wakristo, matumbo yetu nayo yakapoa. Nilisumbuka kidogo kulieleza, kisha nikaona ni rahisi: dua za Kalonda zilikuwa nyingi hata zikafunika chungu kizima. Ndiyo maana, kama mnavyokumbuka, kila nilipopanga watu wa chungu niliweka Mwislamu mmoja kati yao, na asipokuwapo tulingoja. Mlidhani ni desturi ya kampuni. Ilikuwa sheria yangu, na niliisimamia kwa moyo wote mpaka siku niliyotoka.

Vita iliisha, risasi mpya zikaanza kuja tena, lakini Wazungu walikuwa wameonja utamu wa kuokota na hawakuacha. Majiko ya mafuta yakaja, mabomba ya kutoa moshi yakaja, Bwana Bereteli akarudi kwao na mikanda yake. Nilimaliza shule ya jioni na sertifika nikaitundika juu ya kitanda, ambapo inanilinda dhidi ya mbu. Kalonda alitoka kazini kabla yangu, amenyooka, mikono yote miwili ikimsikiliza. Nanyi mkaja, mmevaa viatu vyeupe, na nikacheka.

Juzi mlinifanyia karamu ya kuniaga, barazani kwangu, mchana wa jua kali. Mlikuwapo, lakini mlikuwa mnakula, kwa hiyo nawaeleza. Nilinunua malafu siku moja kabla, kibuyu kikubwa, na nikataka mwonje ile ya zamani, ya Kalonda. Nikamtoa Zamu kwenye sanduku langu la vyombo, nikamtumbukiza, akalala humo usiku na asubuhi yote. Kalonda alikaa na chai yake. Amisi alikaa karibu naye akiwatania wote. Na Anselmi, infirmiye wetu, sasa mvi zimemjaa, alikaa upande wangu.

Nikainamisha kibuyu kummiminia Bernardo, yule kijana aliyekaa wa kwanza kati yenu. Ndani kikagonga kitu: ko.

"Iko nini mu kibuyu?" Anselmi akauliza.

Nimestaafu, nilikuwa namwogopa nani tena? Nikamweleza yote, kwa raha, tangu kifuu mpaka utamu, tangu Zamu mpaka msalaba uliokataliwa. Nilisimulia vizuri sana, nadhani. Lakini Anselmi hakunisifu. Alinyoosha mkono, akamnyang'anya Bernardo kikombe kilichokuwa kimefika midomoni, akakimwaga. Akachukua kibuyu, akakipindua. Malafu yote ikaenda mchangani, na Zamu akaanguka nyuma yake, mweupe, mwembamba, pembe zake zimeisha kama sabuni ya watu wengi.

"Maji matupu," Anselmi akasema. "Miaka ile yote. Maji matupu kabisa."

"Maji, dokta!" Amisi akaitikia kwa sauti ya kwaya, na watu wakacheka.

Anselmi hakucheka. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa Kalonda, ulioshika kikombe cha chai, wima.

"Malafu ikichacha inakula risasi," akasema, "na risasi iliyoliwa ndiyo ule utamu. Ni sumu. Amisi hakunywa, tena alinawa kabla ya kula. Kalonda akaacha kunywa, akaanza kunawa. Ninyi wengine mlipona kwa sababu kibuyu kilivunjika. Ni hayo tu."

"Na msalaba?" nikamuuliza. "Dokta, msalaba niliuchora kwa mkono wangu. Nani aliufuta?"

"Risasi haina dini, Papa Yosefu," akasema. "Haikuukataa msalaba wenu. Mliunywa."